Pesa za utetezi: zinatoka wapi, na mbona hazifiki kambini?



Katika vikao vyetu na kamati za wakimbizi wa ndani, swali moja linarudi kila mara. Wageni walifika, wakaandika habari zetu za vita, wakapiga picha, wakaondoka. Baadaye tunasikia kwamba shirika lao limepata dola nyingi kwa ajili ya Kongo. Mbona hatukuona hata bashi moja? Wengine wanasema wazi kwamba pesa zimeliwa. Wizi upo, hatukatai. Lakini mara nyingi jibu ni lingine: pesa zile hazikutolewa kwa ajili ya bashi wala unga.

Kuna mashirika yanayogawa chakula, maji na dawa. Kuna mengine ambayo kazi yao ni kusema na wakubwa: wanaandika ripoti, wanaonana na wabunge wa Washington au Brussels, wanawaomba wabadili siasa ya nchi zao kuhusu nchi yetu. Kazi hiyo ndiyo utetezi, ambayo wengi kwetu wanaiita kwa Kifaransa plaidoyer.

Nani anawalipa? Sehemu kubwa ni mifuko iliyoanzishwa na matajiri, kama Open Society ya George Soros, au Humanity United ya Pam Omidyar huko Marekani. Serikali nazo hutoa. International Crisis Group, iliyoanzishwa mwaka 1995, hupokea pesa za serikali, za mifuko na za watu binafsi. Human Rights Watch, kinyume chake, hukataa pesa za serikali yoyote, ili isifungwe mdomo.

Shirika huandika mradi: tatizo ni hili, tutafanya uchunguzi huu, tutaonana na watu hawa. Mfadhili akikubali, mkataba unatiwa sahihi na kila dola inapewa kazi yake: mishahara, tiketi za ndege, kodi ya ofisi. Ukichukua pesa za ripoti ukanunua unga, umevunja mkataba. Tena sheria ya Marekani inakataza mifuko hiyo kutoa pesa zilizopangwa kwa kuwasukuma wabunge wapitishe sheria fulani. Wanaruhusiwa kulipia uchunguzi, au kusaidia shirika kwa jumla. Ndiyo maana wageni wanataka sana ushuhuda wenu: bila maneno ya mama aliyekimbia kijiji chake, uchunguzi hauna uzito.

Mfano wa madini

Msidhani kwamba maneno ya Washington hayafiki kwetu. Mwaka 2007 lilianzishwa huko shirika la Enough Project, na Humanity United ilikuwa mmoja wa wafadhili wake. Pamoja na mashirika mengine lilitangaza kwamba vikundi vya silaha vinaishi kwa madini ya Kivu. Julai 2010 Raisi Obama akatia sahihi sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kililazimisha makampuni yanayouza hisa Marekani kueleza kama bati, koltani, wolframi na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani.

Septemba 2010 Raisi Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Amri hiyo ilikuwa ya Kinshasa, lakini machimbo yalipofunguliwa, wanunuzi wengi wa nje wakakataa madini yasiyo na lebo. Wachimbaji wakakosa kazi, na wazazi waliotegemea machimbo wakakosa pesa za shule. Septemba 2014 wataalamu 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi wakisema kampeni ile iliwaumiza watu iliotaka kuwasaidia.

Kwa maoni yetu, watetezi wale hawakusema uongo: wenye silaha walikuwa wanatoza kodi machimboni. Ila shirika hutoa hesabu kwa yule aliyelipa, na mchimbaji wa Walikale hakuwa na sahihi katika mkataba wowote.

Wakija tena

Na watakuja. Mkataba kati ya Kongo na Rwanda ulitiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025, na anayesikilizwa kule ana nguvu juu yetu. Wakati huohuo pesa zimepungua: serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na Julai shirika lake la USAID likafungwa. (Mifuko ya matajiri haiwezi kuziba shimo kubwa hivyo, hata ikitaka.)

Basi viongozi wa kamati waulize kabla kalamu haijashikwa: nani amelipa safari hii? Mtaiomba serikali gani ifanye nini? Majina yetu yataandikwa? Mtu ana haki ya kukataa kutoa ushuhuda, na kukataa hakumwondoi katika orodha ya chakula. Anayedai ushuhuda ndipo atoe jeton anafanya kosa. Mjulisheni kiongozi wa kambi.

Ombeni pia ripoti irudi. Ikiwa ni ya Kiingereza tu, ombeni kurasa mbili za Kiswahili. Kazi hiyo haigharimu sana, na inaweza kuwekwa katika bajeti, mradi shirika liliombwa kabla ya kutia sahihi.