Bethidei ya mtoto imefika na nyumba nzima ni wagonjwa. Utafanyaje?

NI Jumamosi alfajiri, Kitengela. Umeinamia beseni kwa mara ya nne tangu usiku wa manane. Mwenzako amejikunja kitandani akishika tumbo. Mdogo wako, aliyekuja jana kusaidia kupuliza baluni, yuko chooni na hatoki. Mtu mmoja tu ndiye mzima nyumba hiyo, na anaruka juu ya kochi akijiimbia. Leo anafikisha miaka mitano.

Keki ushalipa nusu. Watoto wa ploti nzima wanajua ni saa nane mchana. Nyanya yake yuko Kajiado mjini anajiandaa kupanda matatu, na shangazi atamfuata kutoka Isinya na kichanga cha miezi mitatu. Sasa unajiuliza: nimeze dawa nikaze roho, ama nivunje sherehe?

Kama unalea mtoto mjini, unajua hili si swali dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini Kitengela, na wengi wetu tulihamia tu huku, jamaa tukawaacha kwingine. Bethidei ya mtoto huwa moja ya siku chache ambazo ukoo hukutana bila kuwepo matanga. Halafu kuna macho ya watu. Jirani mwezi jana alileta hadi lile jumba la kujaza upepo ambalo watoto huruka ndani. Wewe utasema nini? Ati tumbo?

Ndiyo. Sema tumbo. Na useme mapema.

Simu ya kwanza ni ya nyanya. Kutoka Kajiado hadi Kitengela ni takriban kilomita 50 kwa barabara ya Namanga, na ukimpata kabla hajatoka nyumbani umemwokolea nauli na pengine mengi zaidi. Kijana mwenye nguvu akiharisha na kutapika siku mbili, mara nyingi hupona kwa kunywa maji ya kutosha na kupumzika. Mzee mwenye sukari au presha ni hadithi nyingine, kwa sababu mwili wake hauvumilii kupoteza maji mengi. Kichanga cha shangazi vivyo hivyo. Hata kama anapata chanjo ya rota, ambayo Kenya iliiingiza kwenye ratiba ya watoto Julai 2014, chanjo hiyo huzuia aina moja tu ya virusi vya kuharisha. Vingine vipo, na havijali keki imelipiwa.

Kishawishi ni kunyamaza. Utajiambia, "Labda ni chakula tu tulikula," ama, "Nikinywa chai ya tangawizi nitakuwa fiti kufikia mchana." Lakini watu watatu wakiugua usiku mmoja chini ya paa moja, chukulia kwamba unaambukizwa hadi daktari akuambie vinginevyo. Piga simu tu: "Mama, umeamka salama? Tafadhali usitoke. Huku tunatapika tangu usiku."

Atauliza kuhusu mtoto kwanza. Mwambie yeye ni mzima. Halafu usishangae akikujibu, "Basi mpe maji, nitakuja mkipona. Kwani atarudi kuwa na miaka minne?"

Wazee wengi wa Kajiado hawakulelewa na tarehe za kuzaliwa. Mwaka kwenye kitambulisho ulikadiriwa, na keki haikuwepo. Si kwamba hawakuadhimisha kukua. Wamaasai wana Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za kupitisha wanaume kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2018 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hizo hazifanywi kwa sababu kalenda imefika tarehe fulani. Hufanywa wazee wakiamua na rika likiwa tayari. Kwa hivyo ukimwambia nyanya kwamba sherehe imesogezwa wiki mbili, humwelezi jambo geni. Sisi wa mjini ndio tunaodhani bethidei iliyosogezwa imeharibika.

Sasa jikoni. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia nzuri. Umeahirisha wageni, lakini unasema wacha nipike pilau nitume kwa majirani, chakula kisiharibike. Usifanye hivyo. Anayeharisha au kutapika hafai kupikia watu wengine, na ushauri wa kawaida wa afya ni angoje saa 48 baada ya dalili kuisha. Nyama iingie friji, na kama huna, mtu mzima wa nje aichukue kabla hujaigusa. Kama ulikuwa umepanga mbuzi, una bahati, kwani mbuzi hai haharibiki. Mwokaji wa keki naye mpigie mapema. Akiwa bado hajaoka, wengi hukubali kusogeza tarehe.

Halafu maji. Kitengela hatuna mchezo na maji, kwani mitaa mingi hutegemea visima na malori, na mtungi wa lita 20 una bei yake. Kwa hivyo leo yapange. Ule mchezo wetu wa kumvizia mwenye bethidei na kummwagia ndoo nzima, uachwe hadi siku nyingine. Maji ya leo yana kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kunawa mikono kwa sabuni, hasa baada ya choo na kabla ya kumshikia mtoto chakula. Ile jeli ya spiriti unayobeba kwenye mkoba haina nguvu dhidi ya baadhi ya virusi vya tumbo, kwa hivyo usiitegemee. Choo, vishikio vya milango na beseni vipanguse kwa dawa ya klorini, hiyo tunayofulia nguo nyeupe, ukifuata kipimo cha chupa.

Kazi ya pili ni kunywa. Nunua pakiti za ORS kwenye duka la dawa, na utie maji kulingana na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukikosa, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visijae kilima. Kunywa kidogo kidogo. Ukitapika, ngoja dakika kumi uanze tena polepole.

Na usisahau kumtazama yule anayeruka kwenye kochi, kwani huenda zamu yake inakuja. Akianza kuharisha, mpe ORS mara moja, na uulize kituo cha afya kuhusu zinki, ambayo watoto hupewa kwa siku 10 hadi 14. Soda si dawa. Usimpe dawa ya kufunga tumbo bila kuelekezwa na daktari. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea hata asiamke vizuri, akishikwa na degedege au ukiona damu kwenye choo, acha kusoma makala na utoke. Hospitali ya kaunti ndogo iko hapo Kitengela, na ile ya rufaa ya kaunti iko Kajiado mjini. Usingoje asubuhi.

Tukiwa tumemaliza ya wakubwa, turudi kwake. Yeye hajui virusi ni nini. Anajua jambo moja, kwamba leo ni siku yake, na watu wote wamelala. Mtoto wa miaka mitano anaweza kudhani ni yeye aliyekosea. Kwa hivyo keti chini umwambie wazi, kwa lugha yake: "Leo ni bethidei yako. Baba na mama wana ugonjwa wa tumbo. Si kwa sababu yako. Shosh na marafiki watakuja tukipona." Mwonyeshe siku hiyo kwenye kalenda na umwachie kalamu awe akikata siku mwenyewe. Tarehe aliyoikata kwa mkono wake ataiamini kuliko ahadi yako.

Sherehe inaweza kusogea. Siku yake haisogei. Leo hii lazima apate kitu, hata kama wewe huwezi kusimama dakika tano. Baluni zilishapulizwa, basi zitundikwe. Avae ile nguo mpya tangu asubuhi, hata kama ataila nayo uji. Achague katuni, achague nani alale upande gani. Nyanya apige simu ya video amwimbie kutoka Kajiado. Mwambie mtoto hadithi ya usiku aliozaliwa: mvua ilikuwa inanyesha au la, mlifikaje hospitalini, nani alimshika kwanza. Hiyo haihitaji jiko wala nguvu, na watoto huipenda kuliko unavyodhani.

Na mshumaa? Mpe, lakini kwenye kipande chake mwenyewe cha mkate alichofunguliwa na mikono iliyonawa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipima kinachotokea mtu anapopuliza mishumaa juu ya keki, na wakakuta bakteria kwenye krimu wameongezeka kwa asilimia 1,400 kwa wastani. Mara nyingi hakuna anayeugua kwa hilo. Lakini katika nyumba ambayo watu watatu wako kitandani, kila mtu na kipande chake.

Kisha ngojeni. Siku mbili bila dalili, ongezeni na ya tatu mpate nguvu, ndipo mtangaze tarehe mpya. Siku hiyo nyanya atashuka stejini na maziwa yake, kichanga kitapita mikono yote, na mbuzi, masikini, siku zake zitakuwa zimetimia. Ndoo ya maji pia iwekwe tayari nyuma ya mlango.

Picha ya leo itakuwa ya mtoto aliyevaa nguo mpya, ameshika mshumaa kwenye mkate, na nyuma yake kuna mtu mzima amejifunika blanketi anajaribu kutabasamu. Ipige hata hivyo. Akifika miaka kumi na mitano, hiyo ndiyo atakayokuuliza habari zake.