Gwiji wa roki ya giza arejea na moto

Kama wewe ni mpenzi wa rumba au taarab, huenda jina la Peter Murphy ni geni kwako. Lakini waulize mashabiki wa ile roki ya mavazi meusi na nyuso zilizopakwa poda nyeupe. Watakuambia huyu ndiye baba yao.

Mwingereza huyu aliyezaliwa mwaka wa 1957 alianza na bendi ya Bauhaus, iliyoundwa mjini Northampton mwaka wa 1978. Mwaka uliofuata walifyatua kibao 'Bela Lugosi's Dead', kumhusu mwigizaji maarufu wa sinema ya Dracula. Kibao cha kwanza, na kinapita dakika tisa! Hebu niambie, chipukizi gani wa leo angethubutu?

Bendi ilisambaratika 1983. Akiwa peke yake, Murphy alivuma Marekani kwa wimbo 'Cuts You Up' wa albamu ya Deep (1989), kisha miaka ya 90 akahamia Uturuki. Pia alisilimu.

Agosti 2019, akiwa katikati ya mfululizo wa maonyesho New York, alipatwa na mshtuko wa moyo. Ungedhani basi, safari imekwisha. Wapi! Mei 2025, miaka 11 baada ya albamu ya Lion, mkongwe huyo wa miaka 67 alipakua Silver Shade. Mtayarishaji ni yule yule, Youth, na katika 'Swoon' utamsikia Trent Reznor wa Nine Inch Nails.

Ile sauti nzito ingalipo. Ukiipata, isikilize usiku, watoto wakishalala.