Mahakama ya Madai Madogo: Yawapasayo Kujua Wenye Malori na Watu wa Njiani

Vichochoro vya Kibokoni havipitiki kwa trela, walakini wakazi wengi wa mtaa huo hupata riziki yao kwa malori. Wako madereva na mataniboi wa safari za bara, wako wenye lori moja la kuchukua shehena bandarini Kilindini, na wako wasukuma mikokoteni wanaokutana na malori hayo kila asubuhi katika njia za mji. Wote hawa yawahusu mabadiliko ya sheria ya madai yaliyofanywa Kenya tangu mwaka 2016, na yafaa wayafahamu.

Kwanza ijulikane kwamba ajali moja yaweza kuzaa mashauri mawili. Moja ni la jinai: dereva hushitakiwa na Serikali, na akipatikana na hatia hutozwa faini au hufungwa. Faini hiyo ni ya Serikali, si ya yule aliyepata hasara. La pili ni shauri la madai, ambalo aliyeumizwa au kuharibiwa mali hulifungua mwenyewe ili alipwe. Hili la pili ndilo lililobadilishwa.

Zamani dai la shilingi elfu hamsini lilifuata taratibu nzito kama dai kubwa. Shauri liliahirishwa mara kwa mara, na maskini alichoka akaiacha haki yake.

MAHAKAMA MPYA

Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilitungwa mwaka 2016. Mwaka 2020 kipimo chake kiliongezwa kutoka shilingi 200,000 hata shilingi 1,000,000, na mwezi wa Aprili 2021 mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi. Baadaye zilifuata nyingine, na Mombasa ikapata yake. Sheria yataka shauri limalizike kwa muda wa siku 60 tangu lifunguliwe. Mwamuzi hafungwi na kanuni ngumu za ushahidi, na mtu aweza kujisemea mwenyewe. Asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu, lakini kwa jambo la sheria tu.

Tuchukue mfano. Lori linarudi nyuma na kuuvunja mkokoteni uliojaa mboga. Msukuma mkokoteni huchukua hati ya polisi ya ajali, stakabadhi za mali yake na majina ya mashahidi, kisha hufungua dai. Kwa kawaida aliyekosa akiwa kazini humponza tajiri wake, kwa hiyo anayedaiwa si dereva peke yake, bali na mwenye lori pia. Na mwenye lori, kwa Sheria ya Barabarani, huhesabiwa kuwa ni yule aliyeandikwa katika daftari la magari, mpaka ithibitishwe vingine. Basi aliyeuza lori asibadilishe jina aweza kuitwa mahakamani kwa gari asilolijua liliko.

Tena, bima inayolazimishwa na Sura ya 405 ni ya kifo na majeraha ya mwili. Kuharibika kwa mali ya watu hakumo katika sharti hilo. Mwenye lori asiyesoma mkataba wake wa bima aweza kujikuta akilipa kwa mfuko wake.

SHERIA NI MSUMENO

Upesi huu una faida na una taabu. Siku 60 si nyingi kwa mwenye lori ambaye dereva wake, shahidi mkubwa, yuko njiani kwenda Kampala au Kigali. Apatapo hati ya mahakama, hana budi kuipeleka kwa kampuni ya bima mara moja na kuandika utetezi wake. Akikaa kimya, hukumu yaweza kutolewa bila yeye, na lori likakamatwa.

Lakini msumeno hukata mbele na nyuma. Mwenye lori moja aliyepeleka shehena akanyimwa ujira wake na wakala, naye aweza kudai katika mahakama iyo hiyo.

Yako mambo yaliyo nje. Madai ya mshahara hupelekwa Mahakama ya Ajira. Dereva au taniboi aliyeumia kazini hufuata Sheria ya Fidia ya mwaka 2007, kwa Mkurugenzi wa Usalama Kazini. Kuhusu majeraha ya watu wengine, sheria imeyataja, ila majaji wamewahi kutofautiana juu ya mpaka wake. Basi aliyeumia aulize kwanza kwa mwanasheria.

Mwisho, asidhani mtu kuwa haki hungoja milele. Dai la ajali lina miaka 3, na dai la mkataba miaka 6. Kutoka Kibokoni hata mahakamani ni mwendo mfupi wa miguu. Apitishaye muda hana wa kumlaumu ila nafsi yake.