Je, Wajua? Gambuti Hadi Songwa

Je, wajua kuwa wateja wa kwanza walikikataa kigari cha kubebea bidhaa dukani? Sylvan Goldman alikileta mwaka 1937 kwenye maduka yake ya Oklahoma City, akalazimika kuajiri watu wakisukume ili wengine waige. Leo mchoro wake ndio alama ya kikapu katika maduka mengi ya mtandaoni.

Wajua kuwa mwaka 1984, Jane Snowball wa Gateshead, Uingereza, akiwa na miaka 72, aliagiza siagi ya mimea, mayai na konfleksi kutoka Tesco kwa televisheni ya sebuleni na rimoti?

Wajua kuhusu kitufe cha dola milioni 300? Mtaalamu wa Marekani, Jared Spool, alieleza duka kubwa lililowadai wateja wajisajili kabla ya kulipa. Kitufe cha "Jisajili" kikaondolewa, kikawekwa "Endelea", na maelezo mafupi kuwa akaunti si lazima. Waliokamilisha manunuzi wakaongezeka kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza mauzo yakapanda kwa dola milioni 300. Huku kwetu Tanzania jambo hili lina uzito zaidi. Wapo wengi waliofunguliwa barua pepe na fundi siku waliponunua simu, na nenosiri likabaki kwa fundi. Mchimbaji anayetaka gambuti muulize jina, namba ya simu na mahali pa kupokelea mzigo. Yanatosha.

Wajua kuwa takribani vikapu 7 kati ya 10 vya mtandaoni huachwa bila kulipiwa? Taasisi ya Baymard ya Denmark imeona kuwa sababu kubwa ni gharama zinazochomoza mwishoni. Kwa hiyo nauli ya mzigo ikae kando ya bei tangu mwanzo. Na ile "bei njoo inbox" inamchosha mteja bure, bei iandikwe.

Mzigo wa Songwa, mkoani Shinyanga, unaotoka Kariakoo, Dar es Salaam, kwa basi hushushwa Maganzo, kwenye barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza, kisha bodaboda huumalizia. Juu ya boksi kuna jina na namba ya simu kwa maka peni. Fomu inayong'ang'ania namba ya nyumba, isiulize mzigo ushukie wapi, haijamfikiria mtu wa Songwa.

Wajua kuwa namba za viatu tulizozoea, 41, 42, 43, hupishana kwa theluthi mbili za sentimita? Namba 42 ni kalibu (umbo la kutengenezea kiatu) ya sentimita 28, na mguu wenyewe huwa mfupi kidogo. Ukiweka vipimo vya sentimita, mteja atapima mguu wake kwa rula.

Picha 20 za bidhaa zenye MB 4 kila moja hula MB 80 za bando. Zikipunguzwa hadi KB 100, zote ni MB 2 tu.

Namba ya simu ikianza na 07, 06 au +255, duka liikubali.

Saa 16:00 iandikwe saa 10 jioni.

Na malipo? Kunakili lipa namba kutoka ukurasa wa duka hadi menyu ya M-Pesa ya *150*00# ni kazi, na menyu hujifunga ukikawia. Duka zuri hutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, jina la duka na kiasi vikionekana, abakize kuweka namba ya siri.