Binamu Anayekosekana

Mtoto aliyezaliwa Mchukwi, wilayani Kibiti, Tanzania, akaasiliwa na familia ya Ulaya, siku anapotia mate kwenye kichupa cha kampuni ya vinasaba, anatarajia kuona jina la mama. Aghalabu anaona orodha ya jamaa wa mbali: mmoja Marekani, mwingine Oman, wala hakuna anayejua Kibiti iko wapi. Kipimo hakikukosea. Kimemlinganisha na waliokwisha kupima, na watu wa kwetu hawamo.

Tazameni Nanyuki, Kenya. Wako watu pale waliozaliwa na askari wa Uingereza wasiowajua. Wakili James Netto na Profesa Denise Syndercombe Court wa King's College London walichukua sampuli zao wakazilinganisha na hazina za kampuni hizo. Kwa kuwa jamaa za wale askari walikuwa wamejipima huko kwao kwa shughuli zao wenyewe, baadhi ya baba walipatikana, na mahakama ya Uingereza ikathibitisha ubaba wao. Mtoto wa Mchukwi anatafuta upande wa pili, ambako hazina ni tupu.

Ukaribu hupimwa kwa sentimogani, kizio cha urefu wa vinasaba ambavyo watu wawili wanashirikiana. Mzazi na mtoto hushirikiana kama 3,400. Ndugu wa baba mmoja au mama mmoja kama 1,700. Binamu wa kwanza kama 850. Watoto wa mabinamu hao kama 230. Lakini pwani yetu mtoto wa mjomba humwoa wa shangazi, na wazazi wao pengine walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Damu inayopita njia mbili huongeza hesabu, na jamaa wa mbali akaonekana wa karibu. Programu haijui hilo. Bibi anayejua nani alimwoa nani analijua.

Nyumbani Tanzania, hata hivyo, usimwagizie bibi kichupa kwa mtu anayepanda basi Mbagala, Dar es Salaam. Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009 imeiweka kazi hii chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi hupitia kwa wenye mamlaka ya kuomba, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii, na sampuli haitoki nchini bila kibali.

Ndiyo maana nawaomba ninyi mnaosoma gazeti hili. Mndengereko, mtu wa kabila la huku Rufiji, anayeishi Stockholm au Minneapolis yuko mahali ambapo vipimo hivi vinauzwa. Akipima kwa hiari yake, huenda akawa yule binamu anayekosekana. Nasema hivi nikijua gharama yake: mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya vinasaba ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa ufilisi. Tena mate yako yanasema habari za kaka yako na baba yako pia. Zungumza nao kabla.

Karatasi nazo zina mitego. Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, kwa hiyo cheti cha zamani kitasema Rufiji tu. Na mama kujifungulia hospitali ya misheni ya Mchukwi hakumfanyi kuwa mtu wa Mchukwi. Huenda alitoka Salale au Mbwera, huko deltani. Ukoo wenyewe huenda ulihamishwa na Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya 1968, kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa. Uliza jina la mama, la baba yake na la babu yake, kisha uliza walilima wapi kabla ya kuhama. Jibu linaweza kukupeleka Mafia, au Mbagala.

Jina likipatikana, usimpigie mama simu. Yawezekana ameolewa na mumewe hajui. Mtume mtu mzima wa kwao, mwanamke, aende bila kamera wala zawadi kubwa, atoe shikamoo, akae, aulize hali za watu wa nyumbani, na neno lenyewe aliseme wakiwa wawili tu. Mama akikataa kuonana, mjumbe amwombe jambo moja: jina la kijiji cha bibi yake.