Julai 4: Shukrani Kati ya Kengele na Fataki

Sikukuu ya Uhuru ya Marekani, ambayo huangukia Julai 4 katikati ya kiangazi cha huko, hujulikana ng'ambo kwa fataki zake zaidi kuliko kwa sala zake, ilhali mmoja wa waasisi wake alizitanguliza sala. Tarehe 3 Julai 1776, John Adams, mjumbe wa baraza la makoloni 13 lililokuwa likikutana Philadelphia, alimwandikia mkewe Abigail kwamba siku hiyo ya ukombozi ilistahili kukumbukwa na vizazi vyote kwa ibada kwa Mwenyezi Mungu, kisha kwa maandamano, michezo, mizinga, kengele na mioto ya furaha nchi nzima. Alichokosea ni tarehe tu: yeye aliifikiria Julai 2, siku ya kura ya kujitenga na Uingereza, lakini wananchi waliishika Julai 4, siku baraza lilipolipitisha Azimio la Uhuru, yaani tamko lililoueleza ulimwengu sababu za kujitenga huko. Azimio lenyewe linamtaja Mungu kwa namna nne, na mbili kati ya hizo, yaani kuwa Hakimu Mkuu wa ulimwengu na kuwa mlinzi anayetegemewa kwa majaliwa yake, ziliongezwa na wajumbe walipokuwa wakiipitia rasimu ya Thomas Jefferson.

Mfano ulio wazi zaidi wa sikukuu hiyo kuadhimishwa kwa imani unapatikana Salem, mji mdogo wa North Carolina ambao leo ni sehemu ya Winston-Salem. Mwaka 1783, vita vya uhuru dhidi ya Uingereza vilipokuwa vimekoma na mkataba wa mwisho wa amani ukisubiriwa, Gavana Alexander Martin alitangaza Julai 4 kuwa siku ya shukrani katika jimbo lake, na walioutii wito huo kwa bidii ya kukumbukwa walikuwa Wamoravian, Waprotestanti wenye asili ya Bohemia na Ujerumani ambao wengi wao walikuwa wamekataa kushika silaha na kwa ajili hiyo wakatozwa kodi kubwa kuliko majirani zao. Asubuhi watu waliamshwa kwa matarumbeta, wakaenda kusikiliza mahubiri, na mchana wakaketi katika karamu ya upendo, ambayo ni ibada ya nyimbo ambamo waumini hugawiana chakula chepesi na kinywaji kama ishara ya udugu; jioni wakazunguka mjini katika makundi mawili ya waimbaji yaliyokuwa yakiitikiana, huku nyumba zikiwa zimewashwa taa. Inafaa kuzingatiwa kwamba watu hao hawakuwa wakisherehekea ushindi ambao hawakuupigania, bali amani, na pengine ndiyo sababu sherehe yao haikuwa na majigambo. Msomaji wa Mbeya au Rungwe ataikuta hapa jamaa yake ya kiroho, kwa kuwa kanisa hilohilo, lililofikishwa Rungwe na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1891, leo lina waumini wengi zaidi nchini Tanzania kuliko katika nchi nyingine yoyote.

Hata hivyo, Wamoravian wa Salem walimiliki watumwa, wakiwamo waliokuwa mali ya kanisa lenyewe, na jambo hilo haliwezi kutengwa na shukrani zao. Aliyeueleza mgongano huo wa uhuru na utumwa kwa ukali kuliko wote ni Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland akatoroka na kuwa msemaji mkuu wa ukombozi. Alipoalikwa kuhutubia Rochester, New York, kwa ajili ya sikukuu hiyo mwaka 1852, alizungumza Julai 5, akawasifu waasisi kwa ujasiri wao, kisha akawauliza wasikilizaji wake siku hiyo ina maana gani kwa mtumwa, akijifananisha na mateka wa Zaburi ya 137 wanaotakiwa kuimba mbele ya waliowateka. Si kwamba alikuwa ameiacha imani. Aliyashambulia makanisa yaliyoubariki utumwa kwa sababu aliipima Marekani kwa kipimo cha Biblia iliyodai kuiheshimu.

Serikali ya Marekani haiwezi kumwamuru raia asali siku hiyo, kwa kuwa Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoanza kutumika 1791, yanaizuia kuanzisha dini ya taifa, na kwa hiyo upande wa ibada umebaki mikononi mwa makanisa na familia. Katika nyumba za waumini, jamaa hukusanyika uani mchana, nyama ikichomwa na mahindi na tikitimaji vikiandaliwa, na kabla ya kula mzee wa nyumba humshukuru Mungu kwa uhuru na kuwaombea walio jeshini. Jumapili iliyo karibu na Julai 4, makanisa mengi huimba nyimbo za kizalendo, ingawa wapo wachungaji wasiotaka bendera madhabahuni wakihofia kwamba nchi itaabudiwa badala ya Mungu, hofu ambayo historia ya nchi nyingi haiipuuzi.

Siku za sikukuu hii ndizo pia ambazo wageni wengi huapishwa kuwa raia, kama ambavyo imekuwa ikifanyika Julai 4 tangu 1963 huko Monticello, nyumbani kwa Jefferson katika jimbo la Virginia. Kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani katika miaka ya kabla ya 2025, Kiswahili sasa husikika katika ibada za miji mingi ya huko, na kwa familia iliyopitia kambini kabla ya kupata makazi, shukrani ya siku hiyo ina uzito ambao mzaliwa wa nchi huenda asiufikirie. Kinachowasumbua wakimbizi hao ni fataki: aliyekimbia bunduki Kivu, mashariki mwa Kongo, hazipokei kama mchezo, hasa zinapolipuka mtaani usiku bila taarifa, na ndiyo maana wanaowapokea wakimbizi huwaeleza mapema milio hiyo ni ya nini na itaanza lini.