Sura ya Tisa: Kinachobakizwa Shingoni

Mkazi wa Kariakoo ambaye figo zake zimeshindwa kazi hupangiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Akitibiwa Muhimbili, pale Upanga, safari yake ni fupi. Wengi wa mikoani hulazimika kuhamia kwa ndugu mjini ili wawe karibu na mashine. Mashine humtoa maji, chumvi na taka za damu. Fosfeti nayo huitoa, lakini kwa upungufu. Chakula cha mtu mzima huleta kama gramu moja ya fosforasi kwa siku, na zaidi ya nusu yake hupenya utumbo na kuingia kwenye damu. Awamu moja ya kusafishwa mara nyingi hutoa chini ya gramu moja. Piga hesabu ya siku saba za kula dhidi ya awamu tatu za mashine, utaona kila wiki kuna salio linalobaki mwilini. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, maziwa na soda nyeusi huliongeza.

Isitoshe, figo iliyochakaa haiwezi tena kuiandaa vitamini D ifanye kazi, hivyo utumbo hufyonza kalsiamu kidogo. Fosfeti imepanda, kalsiamu imeshuka. Hapo ndipo tezi za parathairoidi zinapoamshwa. Kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zimejibanza nyuma ya tezi kubwa ya shingo, ile inayotoa rovu mtu akikosa madini joto. Aliyezieleza kwa mara ya kwanza katika mwili wa binadamu ni Ivar Sandström, akiwa mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Sweden, mwaka 1880. Kalsiamu ya damu ikipungua, tezi hizi hutoa homoni inayoichota kutoka mifupani.

Zikifanya hivyo miaka mingi bila kupumzika, hunenepa. Tezi yenye miligramu 40 yaweza kuvuka gramu nzima. Mwanzoni huitikia dawa. Baadaye hata kalsiamu ikipanda haziachi kumwaga homoni. Mgonjwa huumwa mifupa, huwashwa mwili mzima, mapaja hulegea mpaka kupanda ngazi kukawa shida. Ni rahisi kudhani ni baridi yabisi au uzee. Anateleza bafuni, nyonga inavunjika. Kalsiamu nayo hujibandika kwenye mishipa na vali za moyo, jambo ambalo mimi naliogopa kuliko maumivu ya mifupa, kwa sababu halina kelele.

Dawa hutangulia: vidonge vya kufunga fosfeti, ambavyo humezwa pamoja na chakula (vikimezwa saa mbili baada ya ugali havikuti cha kufunga), vitamini D, na sinakalseti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Mtu mwenye afya kwa kawaida hazidi pikogramu 65 za homoni hii kwa mililita ya damu. Kwa anayesafishwa damu, miongozo ya kimataifa huvumilia hadi mara tisa ya kiwango cha juu cha kawaida. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2003 ilishauri upasuaji pale homoni inapozidi 800, huku kalsiamu au fosfeti ikiwa juu na dawa zimeshindwa. Kungoja mpaka mfupa uvunjike ni kuchelewa.

Daktari hupasua shingo kwa mstari mlalo wa sentimita chache, huinua tezi kubwa, kisha huzitafuta zote nne. Neva ya sauti inapita palepale, na ikiguswa vibaya mgonjwa huamka na sauti ya mkwaruzo. Watu wachache wana tezi ya tano, nayo hupenda kujificha ndani ya tezi nyingine iitwayo thaimasi, kwa hiyo kipande cha juu cha thaimasi nacho huondolewa. Aliyezoea kupasua rovu anazijua njia hizi.

Kilicho kigumu zaidi ni kuamua kibaki kiasi gani. Njia moja ni kuondoa tatu na nusu, na kuacha kipande cha kama miligramu 50 chenye damu yake. Nyingine, iliyoelezwa na Samuel Wells huko Marekani mwaka 1975, ni kuziondoa zote, kukatakata kipande cha iliyo bora vipande vya milimita moja moja, na kuvipandikiza kwenye msuli wa mkono. Uwe mkono usio na fistula ya kusafishia damu! Homoni ikipanda tena baada ya miaka, hufunguliwa mkono kwa ganzi, shingo haiguswi. Wapo wanaoondoa zote bila kubakiza chochote. Kwetu mimi naipinga njia hiyo kwa mgonjwa yeyote anayetarajia figo mpya. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Anayepata figo mpya akiwa hana hata chembe ya parathairoidi anaweza kuhangaika na kalsiamu maisha yake yote.

Kisha huja hatari ambayo ndugu hawaitarajii. Homoni ikiondoka ghafla, mifupa iliyoporwa miaka mingi huivuta kalsiamu ya damu kwa pupa. Midomo na vidole hufa ganzi, mikono hukakamaa, moyo waweza kupoteza mapigo yake. Ndiyo maana kalsiamu hupimwa kila baada ya saa nne hadi sita kwa siku mbili tatu za mwanzo, usiku na mchana, na dripu ya kalsiamu huwa tayari. Hospitali ambayo maabara yake hulala usiku haifai kufanya upasuaji huu, hata kama daktari wake ni hodari.

Mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vingi vya kalsiamu na vitamini D, wakati mwingine kwa miezi. Famasi za Posta na Kariakoo ziko karibu, lakini usipunguze dozi kwa sababu tu unajisikia nafuu. Na kama wewe au ndugu yako anasafishwa damu, mwulize daktari wa figo lini homoni hii ilipimwa mara ya mwisho.